Doti ya Shangazi na Sare za Harusi

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya nguo. Najua wapo watakaosema kwamba nchi ina mambo mazito kuliko kanga na vitenge. Ni kweli. Lakini nimeona kwa macho yangu nguo ikimtoa mtu katika sherehe ya ndugu zake, na miongoni mwa walioichagua nguo hiyo mimi nilikuwamo.

Ilikuwa harusi ya kijana wa ukoo wetu, pale Lushoto mjini. Nilikuwa katibu wa kamati. Tulikaa vikao, tukapanga michango, tukapanga ukumbi, tukapanga muziki. Akina mama wakaleta kipande cha kitenge cha zambarau chenye maua ya rangi ya dhahabu, kikapitishwa kuwa sare ya upande wa bwana harusi. Nikaandika katika daftari: kila mama atanunua kitambaa na kumpelekea fundi. Hakuna aliyepinga. Tukaendelea na ajenda ya vinywaji.

Siku ya harusi shangazi yangu, mama mtu mzima, alikuja kutoka upande wa Mlalo kwa gari la alfajiri. Alikuwa amevaa gauni lake, sweta juu yake, kisha doti ya kanga mpya iliyopindwa vizuri: moja amejifunga, ya pili amejitanda. Tangu nimfahamu, hilo ndilo vazi lake la sikukuu, na siku zote limempendeza. Mpiga picha alipoita, "Wenye sare mbele!", alirudi nyuma polepole, kama mtu aliyekumbuka kazi fulani. Jioni nilipomtafuta nilimkuta uani anasugua masufuria.

"Shikamoo shangazi. Mbona huku?"

"Marahaba, baba. Huko ndani ni kwa wenye sare. Mie hapa kunanitosha."

Hakulalamika. Hata hivyo maneno yale yamenikaa rohoni mpaka leo. Ndiyo maana nimefungua vitabu, nimeuliza wazee, na nimesimama kwenye meza za wauza kanga sokoni, nikitaka kujua vazi la sherehe la wanawake wa miji yetu limetoka wapi, na lilikuwa na kazi gani. Niliyoyapata ndiyo haya.

Zamani, kabla ya nguo za pamba kuenea, watu wa sehemu nyingi za bara walivaa ngozi na magome ya miti. Nguo za dukani zilipanda kutoka pwani pamoja na misafara. Katika karne ya 19 iliyosifika zaidi ilikuwa merikani, nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi, iliyoletwa Unguja na wafanyabiashara wa Marekani kutoka bandari ya Salem, huko Massachusetts. Jina lake ndilo jina la nchi ilikotoka. Ya pili ilikuwa kaniki, nguo iliyotiwa nili hata ikakaribia weusi.

Nguo hizi zilikuwa fedha. Pembe za ndovu zilinunuliwa kwa nguo, mpagazi alilipwa kwa nguo, na mtawala wa njiani alidai hongo yake kwa nguo. Zilipimwa kwa mkono, yaani toka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono 4 ilikuwa shuka moja. Shuka 2, yaani mikono 8, zilikuwa doti. Kwa hiyo, msomaji, unapokwenda dukani leo na kusema "nipe doti ya kanga", unatamka kipimo cha misafara ya pembe.

Milima ya Usambara haikuwa mbali na mambo hayo. Mwaka 1848 mmisionari Krapf alifika Vugha, akamkuta Kimweri ye Nyumbai akitawala milima pamoja na sehemu ya pwani iliyokabiliana nayo. Baada ya Kimweri kufariki mwaka 1862, mwanawe Semboja alijiimarisha Mazinde, chini tambarare, karibu na njia ya misafara. Alijua alichokifuata. Aliyekaa njiani alipata nguo na bunduki, na mwenye nguo na bunduki alipata wafuasi. Katika dunia ya namna hiyo, mwili wa mtu ulitangaza cheo chake kabla hajafungua kinywa.

Huko visiwani na pwani jambo hili lilikuwa kali zaidi. Mtumwa alivaa kidogo, tena duni. Mwanamke mtumwa alijifunga kipande cha merikani au kaniki chini ya makwapa, mabega wazi na kichwa wazi. Kufunika kichwa ilikuwa heshima ya waungwana. Asiye na ushungi alijulikana mara moja kuwa ni mtu wa watu.

Ni katika miaka hiyo ya mwisho wa karne ya 19 ndipo kanga ilipozaliwa. Masimulizi yanayosikika zaidi ni kwamba akina mama wa Unguja na Mombasa walinunua leso, vitambaa vya mkononi ambavyo jina lake limetoka katika Kireno, vilivyouzwa vikiwa bado vimeungana katika jora. Walikata sita, wakashona safu mbili za tatu tatu, wakapata nguo moja pana yenye nakshi pande zote. Wenye maduka hawakuchelewa. Wakaagiza nguo nzima iliyochapwa kwa mtindo huo huo. Nyingine zilikuwa na madoadoa meupe kama manyoya ya yule ndege wetu kanga, na jina likashika. Mombasa mpaka leo wengi husema leso.

Mwaka 1887 mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak alianza shughuli zake hapo Mombasa, na kanga zake zikajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Viwanda vilivyochapa kanga vilikuwa mbali: Uingereza, Uholanzi, India, na baadaye Japani. Lakini aliyeamua ipi inunuliwe na ipi ioze dukani alikuwa mwanamke wa huku. Rangi ikichusha, mwenye duka alikula hasara. Mwanzoni mwa karne ya 20 kanga zikaanza kubeba maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi tunazotumia sasa.

Sasa nakuomba msomaji uweke tarehe hizi pamoja. Unguja, utumwa uliondolewa katika sheria mwaka 1897. Pwani ya Kenya ilikuwa mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika juu ya Unguja ya miaka hiyo, ameeleza jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoitupa kaniki na kununua kanga za rangi. Walinunua mbili: moja ya mwilini, moja ya kichwani. Hiyo ya kichwani ndiyo iliyokuwa na uzito. Mwanamke ambaye jana alikatazwa ushungi, leo anapita barabarani amejitanda, tena nguo ina maua, na wala hakuna wa kumwambia aivue. Doti ya kanga ilikuwa cheti chake cha uungwana. Alikipata kwa jasho lake, akakivaa siku ya Idd mbele ya wote.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa shangazi. Vazi alilokuja nalo harusini lilianza kama mlango wa kuingilia. Waliofungiwa nje waliingia katika jamaa kwa kujifunga moja na kujitanda ya pili.

Tazama pia jinsi nguo yenyewe ilivyotengenezwa. Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji, yaani ile sehemu ya katikati, na ina jina, ule mstari wa maneno unaokaa karibu na pindo la chini. Huuzwa mbili zilizofanana, zikiwa zimeungana. Ukifika nyumbani unazikata, unazipinda ncha, unazifua kutoa ule ukakamavu wa dukani, na wengi hutia chumvi kidogo katika maji ili rangi ishike. Kisha hakuna fundi tena. Haina mkono, haina kiuno, haina kifungo. Inamfaa mnene na mwembamba, mjamzito na aliyejifungua jana, bibi na mjukuu. Unaweza kuiazima. Mashoga wawili wasio na fedha ya kutosha wanaweza kununua doti moja wakagawana, kila mmoja akaondoka na upande wake, na siku ya sherehe wakaonekana ni pacha. Sherehe ikiisha, kanga hiyo hiyo itambeba mtoto, itafunika kitanda, itakwenda msibani.

Ilipopanda milimani, kanga ilikutana na baridi. Wasambaa hutofautisha Shambaai, nchi yao ya juu yenye ubaridi, na nyika, yaani tambarare ya chini yenye joto. Gari linapoiacha barabara kuu pale Mombo na kupanda kona baada ya kona, kupitia Soni, kilomita zipatazo 33 hadi Lushoto, abiria wanafungua mabegi na kutoa masweta njiani. Mji uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliupenda kwa baridi hiyo na kuuita Wilhelmstal. Kwa hiyo vazi la sikukuu la mama wa Lushoto lina tabaka ambazo mama wa Tanga mjini hazihitaji: gauni, sweta, kisha kanga, na mara nyingine soksi ndani ya viatu. Idd hufuata mwezi, hivyo kila mwaka hurudi nyuma siku 11 hivi, na baada ya miaka kadhaa huangukia kipupwe. Mwaka 2016 Idd el Fitr ilikuwa Julai, wakati ambapo ukungu wa Magamba huchelewa kuondoka. Siku kama hiyo sweta jekundu chini ya kanga ya manjano si kosa la mtindo. Ni akili.

Kanga hiyo haikuuliza dini. Mama wa Kiislamu anaitanda aendapo kwenye Maulidi, na mama wa Kikristo anajifunga juu ya gauni aendapo kanisani. Vikundi vya akina mama wa makanisa vina vitenge vyao, Siku ya Wanawake ya Machi 8 ina nguo zake, na vyama vya siasa vina kanga zao. Lakini ukienda msibani, kwa Mwislamu au kwa Mkristo, utaona kanga mbele, kanga nyuma.

Hata lugha yetu imeshuhudia kazi ya nguo katika kuunganisha watu. Katika mahari za pwani kuna kilemba, fungu la upande wa baba. Kuna mkaja, fungu la mama, na neno lenyewe ni ile nguo anayojifunga mwanamke tumboni baada ya kuzaa. Kuna mbeleko, na neno hilo ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Fedha ndizo zinazotolewa, lakini majina ni ya nguo. Maana yake ni kumwambia mama: tunajua ulijifunga, tunajua ulimbeba. Na katika sherehe za siku hizi, wanapomtunza mama wa bibi harusi, wageni hucheza mpaka alipo na kumfunika kanga juu ya kanga mpaka uso hauonekani.

Sasa sare imetoka wapi? Kuvaa nguo moja katika ngoma na sherehe si jambo geni. Vikundi vya ngoma na vyama vya akina mama vimefanya hivyo tangu zamani, na aghalabu sare ilikuwa doti ya kanga. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kilianza kazi, na kanga na vitenge vikawa vinatoka nyumbani. Kisha ikaja shida ya bidhaa, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mama yangu amenisimulia jinsi walivyopanga foleni tangu usiku kwa doti moja. Wakati ule hakuna aliyeuliza kanga ni ya rangi gani. Ukiipata unashukuru. Tangu mwaka 1984 biashara ilipoanza kulegezwa, nguo za nje zilirudi, mitumba ikajaa, na vitenge vya kila nakshi vikapangwa madukani. Uhuru wa kuchagua ukarudi, na huo ni wema. Lakini pamoja nao zikaja kamati zetu.

Ngoja nieleze hesabu ya sare ya leo, maana nimekuwa katibu naijua. Kwanza ni kitambaa, na kwa kuwa kamati imechagua nakshi moja, muuzaji anayo nguvu ya bei. Pili ni fundi, na wiki ya harusi fundi naye hupandisha. Tatu ni kilemba cha kichwani, viatu na pochi vinavyofanana na kitambaa. Nne, baadhi ya harusi zina sare zaidi ya moja: ya kumuaga binti na ya siku yenyewe. Nguo hiyo imekatwa kwa mwili mmoja. Huwezi kuigawana na shoga yako, huwezi kumwazima dada yako mnene, na kwa kuwa imeonekana katika picha za harusi ile, wengi huona haya kuivaa katika harusi nyingine. Mkulima wa kabichi wa Lukozi anayesubiri lori la Dar es Salaam hawezi kulipia yote hayo mara tatu kwa mwaka. Basi anafanya nini? Anatuma salamu kwamba anaumwa. Au anakuja, na anakaa uani.

Nisieleweke vibaya. Sare inapendeza. Inawapa kazi mafundi wa cherehani walioko barazani kwetu, nao wana watoto wanaosoma. Vijana wanaifurahia, na ujana ni wao. Tena sipendekezi amri. Nchi hii iliwahi kujaribu amri katika mavazi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana, na mwaka 1969 ikaanza kutekelezwa: sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia vikapigwa marufuku. Wasichana walisumbuliwa njiani kwa jina la utamaduni. Operesheni ikapita, na sketi zikarudi. Mwanamke hafundishwi kuvaa kwa fimbo.

Wapo pia wanaosema dawa ni vazi la taifa, na mjadala huo umeibuka mara nyingi. Mimi nauliza swali dogo tu: vazi hilo likipatikana, shangazi ataweza kulinunua? Kanga imeshonewa Unguja na Mombasa, imechapwa Ulaya, India na Japani, imevaliwa na Msambaa, Mdigo na Mbondei, na hakuna aliyetunga sheria. Ilishinda kwa sababu aliyekuwa na kidogo aliimudu, na akiivaa hakuonekana kuwa na kidogo.

Ninachoomba kiko ndani ya uwezo wa kamati yoyote, na hakihitaji mchango. Kabla ya kupitisha sare, mtu mmoja katika kikao aulize: nani katika ukoo wetu hataweza? Akitajwa hata mmoja, basi sare iwe doti ya kanga, anayependa kushona ashone, anayependa kujifunga ajifunge. Au kamati itaje rangi tu: "tuvae zenye kijani", na kila mama afungue sanduku lake. Hapo atatoa ile aliyopewa na mwanawe, au ile aliyorithi kwa marehemu mama yake, na picha itakuwa na uzuri ambao duka moja haliwezi kuuza. Na mpiga picha aambiwe mapema kwamba neno "wenye sare mbele" halitakiwi. Aseme "wazee mbele".

Shangazi bado yupo, namshukuru Mungu. Nilipokwenda kumsalimu baada ya harusi ile nilimpelekea doti. Aliifungua, akaipima kwa mkono kama wafanyavyo wazee, toka kiwiko hadi kidole, akasoma jina lake polepole, akacheka. Kisha akaikata katikati, akamwita jirani yake ambaye pia hakuonekana katika picha, akampa upande mmoja.

"Haya," akasema, "na sisi tuna sare."

Nilicheka pamoja nao, lakini niliona aibu. Bibi wa Mlalo alifanya kwa mkasi mmoja jambo ambalo kamati yangu ya watu kumi na wawili, pamoja na katibu wake mwenye stashahada, haikulifikiria katika vikao vitano. Msimu wa harusi unakuja, ndugu msomaji. Daftari la kamati likifunguliwa, tukumbuke walioko uani. Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo.